Friji ya Mama Juisi

“Inamisha! Nimesema inamisha, sijasema laza! Ukiilaza mafuta ya kompresa yanapanda kwenye mabomba. Dotto, nitakuua!”

Dotto, dereva wa kirikuu, kigari cha mizigo kilichokodiwa kutoka Kibaha, alisimama katikati ya mlango akiwa ameikumbatia friji, jasho linamtiririka mpaka kwenye kope.

“Dada, mimi dereva, siyo daktari wa mafriji. Mlango wenu mdogo.”

“Mlango haujawahi kupitisha friji, haujazoea. Sukuma!” Raudha akafoka.

Bibi Mwanaamina alikuwa kwenye kigoda chake pale uani, Msimbu, anachambua kisamvu. Alitazama ile shughuli tangu mwanzo. Friji ilipopita, akapangusa mikono kwenye kanga.

“Raudha.”

“Abee, bibi.”

“Hiyo ndo nini?”

“Friji, bibi.”

“Friji naijua. Nauliza inakuja kula nini humu? Umeme wenyewe umeishia kwa mjumbe.”

“Ni ya siku moja tu, bibi. Kesho wageni wakiondoka, keshokutwa asubuhi inarudi.”

“Na makochi?”

“Ya mke wa mwalimu mkuu. Yanarudi.”

“Na hiyo meza ya kioo?”

“Bibi jamani!”

Bibi akaguna, akarudi kwenye kisamvu chake.

Hiyo ilikuwa Jumatano, saa tisa alasiri. Kesho yake, Alhamisi, Hashiru alikuwa anakuja kujitambulisha, yeye na shangazi yake na mshenga mwenye barua ya posa mfukoni. Na Raudha, binti wa miaka ishirini na tatu, alikuwa hajalala siku mbili, anazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Sasa ngoja uelewe balaa lilipoanzia. Jina la Bibi Mwanaamina lilikuwa kwenye orodha ya kaya maskini, wale wanaoitwa walengwa. Kila baada ya miezi miwili anapokea ruzuku yake, na ni kwa jina hilohilo Raudha alipata nafasi ya kusomeshwa ufundi wa friji. Miezi sita, kwenye gereji ya fundi Mwinyijuma kule Misugusugu, bure. Akimaliza anapewa cheti na sanduku la vifaa vyake mwenyewe. Alibakiza mwezi mmoja tu.

Hashiru alikuwa muuzaji kwenye duka la vipuri, barabara hiyohiyo ya gereji. Siku ya kwanza Raudha alipoingia kununua bomba la shaba, mteja mmoja alisema kwa sauti, “Hawa ndo wale wa kaya maskini, wanasomeshwa kwa huruma.” Watu wakacheka. Hashiru akamuuliza, “Na wewe ni mmoja wao?”

“Mimi? Thubutu!” Raudha akajibu. “Mimi nalipiwa na bibi yangu. Ana mikorosho yake Kisarawe.”

Mikorosho yenyewe ilikuwa miwili, na mmoja ulishakufa. Lakini neno likishatoka mdomoni utalirudishaje? Mapenzi yakanoga, miezi ikapita, na ile “thubutu” ikazaa mikorosho, ikazaa nyumba ya heshima, sasa imezaa makochi na friji.

Friji nayo ilikuwa na mambo yake. Raudha aliichagua kati ya saba zilizokuwa gereji kwa sababu ndiyo friji ya kwanza aliyoitengeneza peke yake. Ilikuwa inavuja gesi nyuma kule. Alipatafuta kwa povu la sabuni, akapaona, akapachomelea mwenyewe, akajaza gesi, ikagandisha. Ilibaki kumsubiri mwenyewe tu. Mlangoni ilikuwa na karatasi: MAMA JUISI – JUMAMOSI. Fundi Mwinyijuma alipokwenda msibani Chalinze, Raudha aliibandua ile karatasi, akaikunja, akaitia kwenye sidiria.

“Mjumbe alipita jana,” Bibi alisema jioni ile wanakula. “Kasema Alhamisi mna wageni, msitoke nyumbani.”

“Na yeye kajuaje?”

“Sijui. Nikamwambia mbona najua.”

“Kijiji hiki! Hata posa haijaingia, mjumbe kashapata habari.”

Wakacheka wote wawili. Laiti wangejua.

*

Alhamisi saa nne asubuhi wageni wakaingia. Mbele Mzee Yassin, mshenga, na kofia yake ya kufuma. Nyuma yake Shangazi Zuwena, mama wa mwili na sauti, ndiye aliyemlea Hashiru tangu baba yake afariki. Mwisho Hashiru mwenyewe, kanzu nyeupe imenyooka, macho yamejaa kicheko.

“Hodi hodi wenyewe!”

“Karibuni! Karibuni sana! Shikamoo shangazi. Shikamoo mzee.”

“Marahaba mwanangu. Yaani ndo wewe? Hashiru hakunidanganya, mtoto umeumbika.”

Wakakaa kwenye makochi. Bibi Mwanaamina alikalia ukingo kabisa, miguu haifiki chini vizuri, kanga ameikusanya mapajani asije akalichafua kochi la watu. Raudha akaifungua friji haraka haraka, akatoa soda, akaifunga. Ndani mlikuwa na beseni la barafu alilolinunua alfajiri kwa mjumbe.

“Haaa! Ya baridi!” Shangazi Zuwena akashika shavu kwa chupa. “Huku Msimbu nilijua nitakunywa maji ya mtungi. Kumbe mmejaaliwa! Hashiru, mbona uliniambia wana shamba tu?”

“Alhamdulillahi,” Raudha akasema.

“Na umeme wa huku haukatiki?”

“Umekatika asubuhi hii, shangazi. Kawaida upo.”

Hashiru akainua macho, akatazama dari. Juu kulikuwa na makuti na buibui. Hakukuwa na waya, hakukuwa na taa. Akashusha macho taratibu mpaka kwenye friji. Kwenye kona ya mlango, juu karibu na bawaba, kulikuwa na alama ya kuungua, ya kahawia, duara kama sarafu. Akaikodolea macho. Kile kicheko usoni kikayeyuka chote.

Mzee Yassin alikuwa ameshaanza maneno yake ya kishenga, “Sisi tumeona ua kwenye bustani hii…” Simu ya Raudha ikatetemeka mkononi. Akachungulia. Ujumbe wa Hashiru, na Hashiru mwenyewe amekaa hatua tatu mbele yake.

“Raudha hii friji umeitoa wapi?”

Akamtazama. Hashiru hakutabasamu. Vidole vya Raudha vikawa baridi kuliko soda. Angeweza kusema pale pale. Angeandika neno moja tu, “nisamehe,” mengine yangefuata. Akaandika:

“Ni ya bibi.”

Hashiru akasoma. Akajibu:

“Sawa.”

Ile “sawa” Raudha akaisoma, akairudia. Alikuwa bado anaitazama aliposikia nje:

“Hodi humu ndani! Bibi Mwanaamina!”

Waliingia mtendaji wa kijiji na dada mmoja mwembamba, mkoba begani na makaratasi kwapani.

“Habari za humu. Mimi naitwa Evaline, mwezeshaji. Tupo kwenye uhakiki wa kaya. Bibi shikamoo, ulipata taarifa?”

“Marahaba. Taarifa ipi tena?”

“Mjumbe si alipita?” mtendaji akadakia. “Aliwaambia Alhamisi mna wageni.”

Bibi akawatazama wageni waliokaa. Akawatazama wageni waliosimama.

“Ehee,” akasema. “Kumbe wageni wenyewe ni wa namna mbili.”

Jamani, Raudha alitamani ardhi ipasuke. Akasimama, akakaa, akasimama tena.

“Dada Evaline, tunaomba mrudi mchana. Tuna shughuli kidogo.”

“Tuna kaya kumi na nne leo, mdogo wangu. Ni dakika tano tu. Twendeni hata nje.”

“Uhakiki wa nini huo?” Shangazi Zuwena akauliza, sauti imejaa chumba. “Semeni hapahapa. Sisi si wageni, ni wakwe.”

Evaline alikuwa amesimama anaangalia makochi. Akaangalia meza ya kioo. Akaangalia friji. Akafungua fomu yake, akasoma, akaangalia tena.

“Bibi, samahani. Humu mara ya mwisho tuliandika mkeka, kitanda cha kamba na ndoo tatu. Leo naona makochi, meza na friji. Inabidi niulize. Hivi vitu ni vya nani?”

Nzi akatua kwenye soda ya Mzee Yassin, hakuna aliyemfukuza.

Raudha akapiga hesabu na hesabu ikamkataa. Akisema ni vyao, jina la bibi linafutwa, na yeye anatolewa gereji leo leo, bila cheti, bila sanduku, mwezi mmoja kabla ya kumaliza. Akisema si vyao, basi Hashiru na shangazi yake wanajua papo hapo kwamba wamekuja kuposa uongo mtupu.

“Vyangu,” alisema Bibi Mwanaamina.

Wote wakageuka.

“Bibi?” Evaline akashangaa.

“Vyangu. Mmetufundisha wenyewe kwenye mkutano, kaya ikijiweza inaitwa imehitimu. Basi mimi nimehitimu. Andika.”

“Bibi, nikiandika mmehitimu, ruzuku inakoma. Na mafunzo ya Raudha yako kwenye jina lako.”

“Mjukuu wangu anaolewa. Andika, mwanangu, nisikucheleweshe.”

Na huku anasema hivyo, anakunja na kukunjua pindo la kanga. Bibi ambaye kwa ruzuku hiyo alinunua dawa za presha, akamsomesha Raudha mpaka kidato cha nne, akafuga kuku watatu mpaka wakawa kumi na tisa. Bibi ambaye jana aliuliza friji inakuja kula nini. Leo anaimeza yeye mwenyewe ili mjukuu wake asiaibike.

Evaline akaweka kalamu kwenye karatasi.

“Usiandike!”

Raudha hakujua kama ni yeye aliyepiga kelele. Machozi yalikuwa yanamtoka hata hayajaombwa.

“Usiandike dada, bibi anadanganya. Anadanganya kwa ajili yangu. Makochi ni ya mke wa mwalimu mkuu. Meza pia. Sisi ni walengwa, mnasikia? Sisi ni kaya maskini. Mafunzo yangu hakuna bibi anayelipa wala mikorosho inayolipa. Umeme humu haujakatika, haujawahi kuingia. Tazameni!”

Akaivuta friji mlango ukafunguka mpaka mwisho. Beseni la plastiki la buluu, barafu imeshayeyuka nusu, soda mbili zinaelea.

“Hii nimeitoa gereji bila ruhusa. Ni ya mteja. Ni ya mama mmoja anaitwa…”

“Subiri kwanza,” Shangazi Zuwena akasimama. Akasogea, akainama, akachungulia chini. “Hebu subiri. Hiyo droo. Hiyo waya ya shaba kwenye droo nani kaifunga?”

“Imekuja nayo hivyo shangazi.”

“Imekuja nayo? Nimeifunga mimi kwa mkono wangu! Na hii alama hapa juu ni Hashiru, kidato cha pili, aliegesha chetezo cha udi! Hii friji yangu!”

Raudha akashika mdomo.

“Wewe… wewe ndo Mama Juisi?”

“Wiki tatu!” Shangazi akapiga makofi, akageukia mshenga, akageukia mtendaji, akageukia ukuta. “Wiki tatu nanunua barafu kwa watu! Mwinyijuma ananiambia njoo Jumamosi, njoo Jumamosi, kumbe friji yangu imekuja Msimbu kuposwa! Yassin, inuka! Inuka twende!”

“Zuwena, tulia kwanza, tuzungumze…”

“Nizungumze nini? Na barua yenyewe rudisha mfukoni!”

Barua ikarudi mfukoni. Hashiru alikuwa wa mwisho kutoka. Alisimama mlangoni, simu mkononi.

“Nilikuuliza,” akasema.

“Hashiru, naomba unisikilize…”

“Nilikuuliza nikiwa nimeshajua. Nilikufungulia mlango utoke mwenyewe, kabla hawajajua. Ukanijibu ‘ni ya bibi.’ Hata kama umeogopa watu wote humu, Raudha, na mimi?”

Akaondoka. Kanzu nyeupe ikapita kwenye mihogo, ikapotea.

Raudha akakaa chini, sakafuni, pale penye mkeka kila siku. Evaline alikuwa bado anaandika.

“Umeandika nini dada?”

“Mkeka. Kitanda cha kamba. Ndoo tatu.”

“Na makochi?”

“Makochi ya kuazima hayana sehemu kwenye fomu yangu.” Akafunga mkoba. Mlangoni akageuka. “Lakini hilo la friji ya mteja ukalimalize na fundi wako, mdogo wangu. Hapo siwezi kukusaidia.”

Walipobaki wawili, Bibi akashuka kwenye kochi, akaja akakaa karibu na mjukuu wake.

“Nguo ya kuazima haisitiri matako, mke mwenzangu.”

“Mbona hukuniambia jana, bibi?”

“Nilitaka. Nikakuona ulivyo na furaha.”

*

Ijumaa asubuhi. Raudha alikuwa amempigia Hashiru mara kumi na moja, haikupokelewa hata moja. Ujumbe aliotuma alfajiri ulikuwa umesomwa: “Sina cha kujitetea. Nakupenda na nilikudanganya. Yote mawili ni kweli.” Hakukuwa na jibu.

Friji ikarudi gereji na Dotto yuleyule. Fundi Mwinyijuma alikuwa anawasubiri, mikono kiunoni.

“Zuwena kanipigia,” akasema. “Kanitukana matusi ambayo tangu nioe sijayasikia.”

“Nisamehe fundi.”

“Raudha, nilikwambia nini siku ya kwanza? Friji ya mteja ni mke wa mtu. Unamtibu, unamrudisha kwa mwenyewe. Humtoi kwenda naye harusini!”

“Ndiyo fundi. Kama ni kunifuta, nifute. Sitalalamika.”

Mzee akashusha mikono. Akaizunguka friji, akapapasa ile sehemu iliyochomelewa nyuma, akapitisha ukucha.

“Hapa umechomelea wewe?”

“Ndiyo.”

“Peke yako?”

“Ndiyo fundi.”

“Nikikufuta sasa hivi nitakuwa nafanya haki. Ila nataka kwanza uipeleke wewe. Kongowe, nyumbani kwa Zuwena. Uiwashe wewe, ukae pale pale mbele yake mpaka igandishe. Ikigandisha, rudi tuzungumze. Isipogandisha, usirudi.”

Haya, mwenzangu. Wewe ungeweza? Kukaa uani kwa mwanamke uliyemuibia friji, umsubirie barafu!

Shangazi Zuwena alimpokea kwa kumuonesha ukuta kwa kidole. Raudha na Dotto wakaisimamisha friji. Dotto akakimbia hata hakuaga. Raudha akatandika kipande cha kanga chini, akakaa, hakugusa swichi.

Nusu saa ikapita.

“Mbona huiwashi?”

“Imesafiri, shangazi. Jana Msimbu, leo huku. Lazima itulie kwanza, mafuta yarudi chini kwenye kompresa. Ukiiwasha sasa hivi inakufa.”

“Itulie mpaka lini?”

“Masaa manne.”

“Masaa manne! Na wewe utakaa hapo masaa manne?”

“Ndiyo, shangazi. Halafu mengine ya kugandisha.”

Shangazi akasonya. Akaingia ndani, akatoka. Akaingia tena. Hakuna kitu kinachomkera mtu mwenye hasira kama aliyemkosea kukaa kimya mbele yake. Saa sita akamtupia kisu na mananasi manne.

“Menya basi. Utakaa bure kama mgonjwa?”

Raudha akamenya. Akamaliza mananasi, akapewa ukwaju akamkamulia.

“Yule bibi yako,” Shangazi akasema ghafla, bila kumtazama. “Alijua akisema ‘vyangu’ anafutwa?”

“Alijua.”

“Na akasema.”

“Ndiyo.”

Shangazi akachuja ukwaju muda mrefu kuliko inavyohitajika.

“Mimi nilipofiwa na kaka yangu nilibaki na Hashiru na ndoo mbili za juisi. Watu wakaniuliza, kwenu wana nini? Nikasema tuna nyumba Tabora.” Akacheka kidogo, kwa pua. “Nyumba yenyewe ilishaanguka. Lakini sikuchukua friji ya mtu!”

“Najua shangazi. Nimekosa.”

“Umekosa sana.”

Saa nane Raudha akatia kibakuli cha maji sehemu ya juu ya kugandishia, akaiwasha. Kompresa ikanguruma kidogo, ikatulia kwenye mlio wake mmoja. Akabandika sikio kwenye ubavu wa friji. Shangazi naye, huku anajifanya anafagia, akasogea kusikiliza.

Alasiri ilikuwa imeshaadhiniwa Hashiru alipoingia. Hakuvaa kanzu, alivaa fulana ya dukani yenye madoa ya grisi. Akasimama alipomuona Raudha amekaa chini kando ya friji, vidole vimejaa ukwaju.

“Unafanya nini hapa?”

“Nasubiri igande.”

Shangazi akakumbuka ana kitu jikoni. Hashiru akavuta ndoo, akaigeuza, akaikalia, mbali kidogo.

“Nimesoma ujumbe wako.”

“Nimeona.”

“Siku ile dukani. ‘Mimi? Thubutu!’ Kwa nini, Raudha? Kitu gani kilikushinda kusema ndiyo?”

“Mlicheka.”

“Yule mteja alicheka. Mimi sikucheka.”

“Ulicheka, Hashiru. Meno yako yote niliyaona.”

Hashiru akaangalia mikono yake.

“Nilicheka,” akakubali. “Nilicheka kumfurahisha mteja. Basi na mimi nisamehe.”

“Wewe hukuiba friji.”

“Mimi friji siyo shida yangu. Wala umaskini siyo shida yangu. Wewe unadhani nilizaliwa kwenye makochi?” Sauti ikaanza kumpanda. “Kinachoniuma ni kwamba nilikuja Msimbu kama mchumba, wewe ukanipokea kama mhakiki. Ukanipangia vitu nivikague. Nilimsikia Evaline pale anauliza hiki cha nani, hiki cha nani, nikaona, kumbe na mimi nimewekwa kundi moja na yule.”

“Niliogopa utaondoka.”

“Na nimeondoka. Siyo kwa sababu ya mkeka wenu.”

Raudha akalia. Safari hii hakuficha uso, mikono yenyewe ilikuwa na ukwaju.

“Niulize tena,” akasema.

“Nikuulize nini?”

“Uliyoniuliza jana. Niulize tena.”

Hashiru akamtazama. Akatoa simu, akaandika, akatuma. Simu ya Raudha ikatetemeka juu ya kanga.

“Raudha hii friji umeitoa wapi?”

Akapangusa vidole kwenye sketi, akaandika polepole, kompresa inanguruma mgongoni kwake:

“Nimeichukua gereji bila ruhusa. Ya Mama Juisi. Sisi ni kaya maskini, kwetu hakuna umeme, bibi yangu ana mkorosho mmoja. Nimeitengeneza mimi.”

Hashiru akasoma mara mbili. Kisha akavuta ndoo yake, hatua moja, karibu.

“Huo mkorosho unazaa?”

“Mwaka jana ulizaa.”

“Basi siyo mbaya.”

Raudha akacheka na kulia kwa pamoja, kitu kibaya sana kwa pua. Saa kumi na mbili kasoro Shangazi Zuwena akatoka jikoni, akaifungua friji, akachomoa kile kibakuli kutoka juu. Akakigonga kwenye ukingo wa beseni. Pande la barafu likatoka zima, gumu, jeupe. Akatia kipande mdomoni, akatafuna kraa kraa huku wanamtazama.

“Mwaka mzima ilikuwa inagandisha nusu,” akasema. “Mafundi watatu nimewapa hela. Wewe umepaonaje hapo panapovuja?”

“Kwa povu la sabuni, shangazi.”

“Sabuni!” Akamtemea mate pembeni shetani wa hasira, akachukua simu yake. “Haloo, Yassin? Ile barua umeichana? … Hujaichana. Basi iweke vizuri. Ndiyo. Msimbu. Na safari hii mwambie yule bibi, akiniwekea kochi naondoka!”

*

Fundi Mwinyijuma hakumfuta. Alimpa adhabu ya kufagia gereji mwezi mzima, kila asubuhi kabla ya wote, kisha akamtilia saini cheti chake. Sanduku la vifaa likaja. Posa ikapokelewa juu ya mkeka, soda zikanywewa za moto, na Bibi Mwanaamina akamvuta Hashiru sikio mbele ya watu, “Huyu sasa mume wangu, wewe Raudha utapewa zamu.” Ndoa ikafungwa mwezi uliofuata.

Wiki moja baada ya harusi Evaline alirudi Msimbu na fomu zake. Bibi alikuwa kwenye kigoda, anachambua kisamvu.

“Bibi, nasikia Raudha hayupo tena kwenye kaya. Inabidi nijaze sababu. Humu kuna amefariki, amehama, au ameolewa.”

“Kahitimu haipo?”

“Hiyo ni ya kaya nzima, bibi. Nyie bado.”

“Sisi ni mimi na kuku. Yeye ndiye nakwambia kahitimu.” Bibi akanyoosha kidole chenye utomvu wa kisamvu, akagusa ukingo wa karatasi. “Hapo pembeni si pana nafasi?”

Evaline akatazama kushoto na kulia, mtendaji hayupo. Akaweka tiki kwenye ameolewa. Kisha akaandika neno pembeni, kwa mkono.

“Nisomee.”

“Amehitimu.”

“Haya,” alisema Bibi, akarudi kwenye kisamvu chake. “Karibu soda. Ya moto lakini.”